Milima ya Tanzania si ya ukoo mmoja

Basi la kutoka Dar es Salaam kwenda Arusha likishapita Korogwe, abiria aliyekaa upande wa kulia huanza kuona milima. Kwanza ni Usambara, imesimama wima juu ya mji wa Mombo. Halafu inafuata Pare, kuanzia Same hadi Mwanga. Mbele ya hapo, mawingu yakiruhusu, ni Kilimanjaro. Kwa macho unaweza kudhani ni safu moja inayopanda polepole mpaka ikafikia kilele cha Kibo. Sivyo. Kutoka Pare Kaskazini hadi miteremko ya kwanza ya Kilimanjaro si mbali, lakini miamba ya Pare ilishakuwa mawe magumu zaidi ya miaka milioni 500 kabla Kibo haijatoa lava yake ya kwanza.

Shuleni tulifundishwa milima kwa urefu: Kilimanjaro mita 5,895, Meru mita 4,562, na kuendelea. Orodha hiyo ni sahihi, ila haielezi lolote. Haisemi kwa nini Tabora na Shinyanga hakuna mlima mkubwa hata mmoja. Haisemi kwa nini maji ya chini ya Meru huharibu meno ya watoto na ya Lushoto hayaharibu. Wala haisemi kwa nini milima isiyofika mita 2,700 ina wanyama na mimea ya pekee mingi kuliko mlima mrefu kuliko yote Afrika. Majibu ya maswali hayo yote yako kwenye namna kila mlima ulivyozaliwa, na kwa maoni yangu huko ndiko somo la milima lilipaswa kuanzia.

Kwa kifupi, nchi hii ina milima ya aina tatu: mapande ya ardhi ya kale yaliyoinuliwa, milima iliyojengwa na volkano, na kingo za Bonde la Ufa. Mkanganyiko unatokea kwa sababu aina hizi zimesogeleana na mahali pengine zimepandana.

Kwa nini katikati ni tambarare

Tuanzie pasipo na milima. Chini ya Tabora, Shinyanga, Singida na sehemu kubwa ya Mwanza kuna pande kubwa la mwamba wa kale, wenye umri wa zaidi ya miaka bilioni 2.5. Mawe makubwa yanayobebana kandokando ya Ziwa Victoria jijini Mwanza ni sehemu yake, na dhahabu ya Geita imo katika miamba yake. Pande hilo ni nene, limepoa na ni gumu. Milima iliyowahi kusimama juu yake ilishalika zamani sana kwa mvua na upepo.

Afrika Mashariki ilipoanza kupasuka, ufa haukuweza kulikata pande hilo. Ulifanya kama maji ya mto yakutanapo na jabali: ukagawanyika, ukapita pande zote mbili. Tawi la magharibi likachimba mabonde ambayo leo ni Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa. Tawi la mashariki likaingia nchini kutoka Kenya kupitia Natron, halafu likatawanyika kuelekea Manyara, Eyasi na bonde la Pangani. Kusini, karibu na Mbeya, mabonde ya Rukwa, Nyasa na Usangu yanakutana.

Ukichukua ramani na kuweka alama kwenye kila mlima wa volkano nchini, utaona zimejikusanya sehemu mbili: kaskazini, pale ufa unapotawanyika, na Mbeya, pale mabonde yanapokutana. Ni kwa sababu hapo ndipo gamba la dunia lilipopasuka sana, na uji wa moto wa chini ukapata njia ya kutokea.

Tao la Mashariki

Milima ambayo watu wengi hawaijui ndiyo ninayotaka kukaa nayo zaidi. Inaanzia vilima vya Taita nchini Kenya, inaingia Pare Kaskazini na Pare Kusini, Usambara Magharibi na Mashariki, inateremka Nguu, Nguru, Ukaguru, Rubeho na Uluguru, inapita Mahenge, na inaishia kwenye mapande makubwa ya Udzungwa, kati ya Iringa na bonde la Kilombero. Ukiichora kwenye ramani inapinda, na ndiyo maana ikaitwa Milima ya Tao la Mashariki.

Mawe yake si ya volkano. Yalipikwa na kukandamizwa chini sana ardhini wakati mabara ya kale yalipogongana, na milima ya wakati huo ilishamomonyoka yote. Tunayoiona leo ni mizizi yake iliyoinuliwa upya: ardhi ilipasuka, baadhi ya mapande yakapanda na mengine yakashuka. Wataalamu wengi wanaweka uinukaji mkubwa miaka milioni 30 hivi iliyopita, ingawa sehemu nyingine zinaweza kuwa za kale zaidi. Ndiyo sababu Usambara haichongoki kama Kibo. Juu yake kuna nchi pana yenye mabonde, vijiji na mashamba, na ukifika ukingoni, kama pale Irente karibu na Lushoto, ardhi inakatika ghafla na unaitazama nyika ya Mkomazi chini ya miguu yako.

Kwa urefu haitishi. Shengena, kilele cha Pare, ni mita 2,460 hivi. Luhombero wa Udzungwa haufiki mita 2,600. Kimhandu wa Uluguru unavuka kidogo tu hapo. Lakini milima hii imeelekea Bahari ya Hindi, na upepo wenye unyevu ukitoka baharini hauna kizuizi kingine kabla yake. Hewa inalazimika kupanda, inapoa, mvua inanyesha. Upande wa mashariki wa Uluguru hupata zaidi ya milimita 2,000 kwa mwaka. Upepo ukishavuka unakuwa umekauka, na ndiyo maana Same ni pakavu ilhali juu yake tu, katika msitu wa Chome, nguo hazikauki kwa ukungu.

Sasa tuweke umri na mvua pamoja. Katika enzi za barafu, bara la Afrika lilipokauka na misitu mingi ikageuka mbuga, bahari iliendelea kuinyeshea milima hii, na misitu yake ikabaki hai. Mapande yenyewe yametenganishwa na nyanda kavu ambazo chura au kinyonga wa msituni hawezi kuzivuka. Viumbe vilivyobaki juu ya kila pande vikaendelea na maisha yao kwa mamilioni ya miaka, kila pande na watu wake. Ua dogo la zambarau ambalo leo limo kwenye madirisha ya nyumba nyingi za Ulaya na Amerika lilitoka Usambara. Ofisa wa Kijerumani, Walter von Saint Paul-Illaire, alipeleka mbegu Ujerumani mwaka 1892, na jina lake la kisayansi likawa Saintpaulia. Udzungwa ilitoa nyani mdogo wa Sanje aliyetambuliwa na wanasayansi mwaka 1979, ndege aina ya kwale aliyegunduliwa mwaka 1991, na sange (mnyama mdogo mwenye pua ndefu) mwenye uso wa kijivu aliyetangazwa mwaka 2008. Huyu sange si mdudu wa kufichwa na jani: ni mkubwa kuliko sange wengine wote wanaojulikana duniani.

Halafu kuna chura wa Kihansi. Mtu mzima wake hana hata sentimita tatu, ana rangi ya dhahabu iliyofifia, na hazai mayai. Anazaa vitoto vilivyokamilika, vidogo kiasi kwamba kadhaa vinaenea kwenye ukucha. Makazi yake yote duniani yalikuwa hekta chache za majani yaliyolowa daima kwa manyunyu ya maporomoko ya Mto Kihansi, kwenye ukingo wa Udzungwa. Aligunduliwa mwaka 1996, mradi wa umeme wa maji ukiwa tayari unajengwa hapohapo. Mitambo ya megawati 180 ilipoanza kazi mwaka 2000, sehemu kubwa ya maji ilielekezwa kwenye mabomba na manyunyu yakapotea. Vikawekwa vinyunyizio vya kuiga mvuke wa maporomoko, lakini idadi ya vyura ikaporomoka, ugonjwa wa ngozi unaoletwa na kuvu nao ukaingia, na mwaka 2009 ikatangazwa kuwa hayupo tena porini. Alinusurika kwa sababu baadhi yao walikuwa wamepelekwa kwenye bustani za wanyama za Bronx na Toledo, Marekani. Walizaana huko, wakarudishwa Dar es Salaam kulelewa, na kuanzia mwaka 2012 wakaanza kuachiwa tena bondeni.

Nimesikia watu wakiuliza kwa hasira kwa nini fedha zote hizo kwa ajili ya chura. Naielewa hoja yao, maana umeme ule ulihitajika. Lakini kiumbe aliyeishi sehemu moja tu katika dunia nzima, na sehemu hiyo ikawa Tanzania, ni dhamana yetu sisi, hana mwingine wa kumtetea.

Milima ya moto

Kilimanjaro ni volkano tatu zilizojengeka moja kando ya nyingine. Shira ndiyo ya kwanza, ilianza miaka milioni mbili na nusu hivi iliyopita, ikazimika na kuporomoka hadi ikabaki uwanda. Mawenzi ikafuata miaka milioni moja hivi iliyopita, na leo imesimama kwenye mita 5,149, ikiwa imechongwa na mmomonyoko mpaka ikabaki mifupa. Kibo ndiye mdogo wao, na ndiyo maana bado ana umbo zuri la duara. Wachaga wana hadithi kwamba Mawenzi alizoea kwenda kwa Kibo kuomba moto, mpaka siku moja Kibo akachoka na kumtwanga kwa mchi, akamwacha na uso uliochanika hivyo. Hadithi imekosea aliyepiga tu: kilichomchakaza Mawenzi ni mvua, barafu na umri. Mengine imeyaona sawasawa, kwamba moto unao Kibo. Hadi leo kwenye kasoko la Kibo, yaani shimo la kileleni, kuna matundu yanayotoa mvuke na harufu ya kiberiti. Mlima umelala, haujafa.

Meru una kisa kingine. Ukiutazama kutoka upande wa Momella unaona mlima uliobomoka ubavu mzima. Miaka elfu nane hivi iliyopita upande wake wa mashariki uliporomoka kwa mkupuo, ukamwaga kifusi kuelekea miguuni mwa Kilimanjaro, na maziwa ya Momella yamekaa katika mashimo ya kifusi hicho. Mara ya mwisho kutoa majivu ni mwaka 1910. Na hapa ndipo lile suala la meno linapoingia. Miamba ya volkano ya eneo hili ina floraidi nyingi, na maji yanayopita ndani yake yanaibeba. Mtoto anayeyanywa tangu utotoni anaota meno ya kahawia, na kiasi kikizidi sana, mifupa nayo hupinda. Ngurdoto, karibu na Usa River, kuna kituo cha serikali cha utafiti kilichohangaika na jambo hili kwa miaka: mifupa ya ng'ombe inachomwa kwenye tanuri hadi iwe mkaa, inasagwa chengachenga, inajazwa kwenye ndoo yenye bomba, na maji yakipita humo taratibu floraidi inanaswa. Maji ya Lushoto hayana haja ya ndoo hiyo, kwa sababu mwamba wa Usambara ni wa kizazi kingine.

Kusini mwa Ziwa Natron upo Ol Doinyo Lengai, Mlima wa Mungu kwa Wamaasai. Kwa mita 2,962 ni mfupi kuliko Kilimanjaro na Meru, lakini hauna mfano duniani: ndiyo volkano pekee iliyo hai inayotoa lava yenye soda na kaboneti badala ya mawe ya silika. Lava hiyo ina joto la nyuzi 500 hadi 600 hivi, karibu nusu ya lava ya kawaida, ni nyepesi, nyeusi, na ikishakutana na unyevu wa hewa hugeuka nyeupe kwa saa au siku chache. Weupe unaoonekana kileleni kwa mbali, ambao wageni huudhania theluji, ni huo. Mwaka 2007 ulilipuka kwa nguvu na kuendelea kurusha majivu hadi mwaka uliofuata, mifugo ikakosa malisho.

Ngorongoro nayo ilikuwa mlima. Volkano ilimwaga uji wake wa ndani, paa likakosa cha kulishikilia, kilele kikadidimia miaka zaidi ya milioni mbili iliyopita. Sakafu tunayoiona na wanyama wake ina eneo la kilometa za mraba 260 hivi, na kuta za mita 600. Jivu la volkano za nyanda hizi ndilo lililohifadhi nyayo za Laetoli, za viumbe waliotembea wima miaka milioni 3.6 iliyopita.

Hanang, mita 3,400 na ushei, ulikuwa mlima wa watu wachache kuutaja hadi tarehe 3 Desemba 2023. Asubuhi hiyo tope, mawe na magogo vilishuka kutoka mlimani hadi mji wa Katesh na vijiji vya jirani, na watu zaidi ya 80 wakapoteza maisha. Siku zilizofuata uvumi ulienea kwamba volkano imeamka. Haikuwa hivyo. Sehemu ya mlima yenye miamba laini ilikuwa imenyonya maji ya mvua kubwa hadi ikazidiwa na uzito, ikameguka na kufuata mkondo wa mto. Volkano iliyozimika haina moto, lakini inaacha tabaka za majivu na mawe yaliyooza ambazo hazishikamani, na mteremko mkali juu yake. Tofauti hii si ya kitaalamu tu, ni ya uhai: mlima ulionyamaza kwa mamia ya maelfu ya miaka bado unaweza kushuka kwa mvua ya usiku mmoja, kwa hiyo anayejenga kwenye mkondo chini yake anahitaji kuogopa mvua, asisubiri moshi.

Kusini, Rungwe unasimama kwenye mita 2,960 hivi juu ya Tukuyu, na jirani yake kuna Ngozi yenye ziwa ndani ya kasoko. Udongo wa volkano na mvua nyingi ndivyo vinavyoifanya Rungwe kuwa nchi ya ndizi, chai na viazi. Misitu yake ilificha kipunji, tumbili aliyejulikana kwa wanasayansi mwanzoni mwa miaka ya 2000 tu, wakati Wanyakyusa wawindaji walikuwa wakimtaja siku zote.

Kingo za ufa

Aina ya tatu inaeleweka haraka. Bonde likidondoka, kingo zake zinabaki juu. Milima ya Livingstone inayosimama juu ya Ziwa Nyasa ni ukingo wa namna hiyo, na nyuma yake upo uwanda wa Kitulo, ambako maua hufunika majani msimu wa mvua hadi wenyeji wakauita Bustani ya Mungu. Mahale, makao ya sokwe mtu, ni ukingo wa Ziwa Tanganyika: kilele cha Nkungwe kina mita 2,460 hivi juu ya bahari, uso wa ziwa uko mita 770 na ushei, na sakafu ya ziwa inashuka hadi mita 1,470 chini ya uso huo. Yaani sakafu iko mita 700 hivi chini ya usawa wa bahari. Wima wa nchi yetu haupimwi Kibo peke yake.

Maji yanatoka wapi

Dhana moja imekaa vichwani: kwamba mito ya Moshi inatokana na theluji ya Kibo ikiyeyuka, na theluji ikiisha mito itakauka. Barafu kweli inaisha. Mwaka 1912 ilifunika kilometa za mraba 12 hivi. Karne moja baadaye zilikuwa hazifiki mbili. Lakini kileleni kunanyesha kidogo sana, na barafu nyingi hupotea kuwa mvuke bila kufika mtoni. Mvua kubwa ya Kilimanjaro inanyesha kwenye msitu, karibu na mita 2,000, na ndiyo inayozama ardhini na kutokea kwenye chemchemi zinazolisha mifereji ya Wachaga na Mto Pangani. Juu ya msitu kuna vichaka ambavyo matawi yake hukamua ukungu na kuudondosha ardhini. Moto, kama ule wa Oktoba 2020, unaviunguza vichaka hivyo, na kwa mkulima wa Marangu hasara hiyo ni kubwa kuliko ya barafu. Kwa bahati mbaya picha ya barafu ndiyo inayozunguka dunia.

Tao la Mashariki lina mzigo mzito zaidi. Udzungwa na Mahenge vinalisha Kilombero, mto unaochangia zaidi ya nusu ya maji ya Rufiji, na Rufiji ndio unaozungusha mitambo ya Bwawa la Julius Nyerere yenye uwezo wa megawati 2,115. Uluguru inaupa maji Mto Ruvu, na Ruvu ndio unaonywewa na sehemu kubwa ya Dar es Salaam. Mvua za vuli zilipochelewa mwaka 2022, kina cha Ruvu kikashuka na jiji likaanza mgao.

Kwa hiyo msitu wa Uluguru ni jambo la mjini, ingawa mzigo wa kuutunza uko kwa Waluguru. Historia yake ina funzo ambalo watunga mipango hawapaswi kulisahau. Katika miaka ya 1950 serikali ya kikoloni iliwalazimisha kuchimba matuta ya ngazi kwenye miteremko ili kuzuia mmomonyoko. Kazi ilikuwa ya sulubu, udongo wa juu ukafukiwa chini ya ule usio na rutuba, mavuno yakapungua. Mwaka 1955 wananchi walifanya ghasia huko Matombo, mtu mmoja akauawa kwa risasi, na mpango ukaachwa. Leo kwenye miteremko hiyohiyo baadhi ya wakulima wanachimba matuta kwa hiari, wanapanda karafuu, pilipili manga na mdalasini chini ya miti, kwa sababu wanaona faida yake shambani mwao wenyewe, na udongo unaobaki shambani ndio usiofika kujaza mchanga kwenye mto.